Akaunti ya Mkuu

Jina la Kufuli alibatizwa katika wiki yake ya pili kazini, na aliyembatiza hakufanya hivyo kwa mapenzi.

Kazi yenyewe aliipata kwa mlango wa undugu, na hilo peke yake lilitosha kumpatia maadui. Maabara ilikuwa mali ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Daktari, hata mkewe mbele ya watu. Ilikuwa na makao makuu katika jengo la ghorofa moja nyuma ya kituo cha mafuta, na vituo viwili vidogo upande wa pili wa mji, ambako watu walitolewa damu na kurudi kuchukua majibu. Dada mtu ndiye aliyekuwa msimamizi wa ofisi. Meza yake ilikaa juu, pale ngazi inapoishia, na hakuna aliyepanda wala kushuka asimwone.

Programu iliyounganisha vituo vyote vitatu ilitengenezwa na bwana mmoja mwembamba, mcheshi, mwenye kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Walimwita Bingwa. Kabla yake majibu yalikuwa yakiandikwa kwenye makaratasi, yakipotea na kuchanganyika, mpaka siku moja mzee mstaafu akapewa karatasi inayompongeza kwa ujauzito wa wiki tisa. Bingwa aliimaliza kero ile kwa miezi mitatu. Tangu hapo neno lake likawa sheria, na chai yake haikuwahi kupoa bila mtu kumwongezea ya moto. Daktari alimwajiri shemeji yake ili Bingwa apumzike shughuli ndogondogo. Lakini masikioni mwa Bingwa ilikuwa ni kuletewa mrithi angali hai.

Mwanamke yule hakuwa mgeni wa kazi. Miaka minane alikuwa ametunza mifumo ya kampuni ya bima, na alikuwa na tabia ya kuanza na swali moja: programu inaingiaje kwenye hifadhidata? Hifadhidata ndilo ghala la mambo yote. Humo ndimo yalimokaa majina, namba za simu na majibu ya kila mtu aliyewahi kuchomwa sindano katika maabara ile. Siku ya tatu akafungua programu ya Bingwa kuona inavyobisha hodi. Alichokiona kilimfanya asukume kiti nyuma.

Haikubisha hodi hata kidogo. Neno la siri lilikuwa limeandikwa ndani ya programu yenyewe, waziwazi: jina la mtoto wa kwanza wa Daktari na mwaka wake wa kuzaliwa. Kila nakala ya programu, kila kituo, ilikuwa nalo. Na akaunti iliyotumika iliitwa "mkuu", ile yenye mamlaka yote, ya kusoma, kubadili, kufuta, hata kuliteketeza ghala zima. Yaani mpokezi akitaka kuona kundi la damu la mtu mmoja, aliingia na nguvu za kubomoa nyumba. Ghala lenyewe lilimpokea yeyote kutoka popote duniani, mradi awe na neno hilo. Maneno yaliyosafiri kati ya vituo na makao makuu yalipita kwenye intaneti bila kufumbwa, kama barua isiyo na bahasha. Na chini ya skrini ya mapokezi palikuwa na kikaratasi cha njano kilichobandikwa, chenye neno hilohilo, kwa ajili ya siku programu ikigoma.

Aliandika kurasa mbili, kwa lugha ya mtu asiyejua kompyuta, akazipeleka kwenye kikao cha Ijumaa. Bingwa alizisoma kwa sauti, polepole, akitua kila baada ya sentensi kama anayesoma tangazo la kilabu cha pombe. Kisha akaziweka mezani.

"Naomba kuuliza," alisema. "Tangu lini mwizi akaiba mkojo wa watu?"

Chumba kizima kilicheka, Daktari naye akiwemo. Bingwa akaendelea kwamba kumbe wameajiri Bibi Kufuli, na kwamba siku moja watashindwa kuingia chooni bila cheti. Lile "Bibi" lilidondoka kabla ya jioni. Kufuli likabaki.

Toka siku hiyo walimfanyia vituko vya watu wazima. Meza yake ilihamishiwa chumba cha vitendanishi, zile dawa za kupimia, kando ya jokofu kubwa lililonguruma kutwa. Akisalimu mapokezi, alijibiwa na kichapishi. Alikibandua kikaratasi cha njano. Kesho yake akakuta viwili, kimoja kimechorwa kufuli lenye macho na ulimi nje. Alipompigia mama yake kumweleza, mama alimjibu kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, avumilie. Kwa dada yake hakupata hata methali. Dada alimwambia tu asilete mambo ya bima mahali ambapo watu wanafanya kazi.

Basi akanyamaza, akafanya alichoajiriwa kufanya. Alirekebisha fomu, akaongeza vipimo vipya kwenye orodha, akawasaidia watu wa vituoni kuingiza majina ya wateja. Mwezi ukapita hivyo.

Ndipo alipokuja Mwalimu.

Alikuwa mama wa makamo, anafundisha watoto wadogo kusoma, na alikuwa amepima damu Jumanne moja kwa sababu ya uchovu usioisha. Kipimo cha awali cha homa ya ini kilionyesha dalili. Kwa utaratibu wa maabara, majibu ya namna hiyo hayatolewi. Hurudiwa kwa kipimo cha pili, na mteja huambiwa jibu la mwisho tu. Kipimo cha pili kilitoka Ijumaa, safi kabisa. Mwalimu hakuwa na ugonjwa wowote, alihitaji madini ya chuma tu. Lakini kufikia Alhamisi mtaa wake ulikuwa umeshajua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Wazazi watano walimwendea mwalimu mkuu kutaka watoto wao watolewe darasani kwake. Mama mkwe wake alimtengea kikombe chake.

Hakupiga kelele alipofika mapokezi. Aliweka karatasi ya majibu safi juu ya kaunta, akasema anataka kumjua mtu mmoja, yule aliyesoma jibu la kwanza akaenda kulitangaza. Alisema atarudi, na kwamba akirudi huenda asiwe peke yake. Nduguye alikuwa wakili.

Daktari aliitisha kikao saa ileile. Mpimaji aliyefanya kipimo cha kwanza alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja na machozi yalikuwa yakimlengalenga, hakuna aliyemshuku. Bingwa alikuwa amekaa amekunja nne. Safari hii hakucheka.

"Mimi simtaji mtu," alisema. "Ila tangu programu hii izaliwe, siri haijawahi kutoka. Sasa jiulizeni ni nani ambaye tangu aje kazi yake ni kuchungulia ndani ya hifadhidata na kutuandikia kurasa kwamba inavuja. Mtu akitabiri moto kila siku, siku ukiwaka mnamtazama mikono."

Macho yote yakamgeukia Kufuli. Yeye alimtazama dada yake, akidhani angalau huyo atasema neno. Dada alikuwa anaangalia dirishani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," dada alisema, taratibu, kama anayejisemea.

 Kufuli aliomba lifunguliwe daftari la maingizo, ile kumbukumbu inayoandikwa na mashine yenyewe kila mtu anapoingia ghalani. Bingwa alisema alilizima mwaka wa kwanza kwa sababu lilijaza diski. Hata lingekuwepo, Kufuli alijua lingesema nini. Mpokezi alikuwa mkuu. Mpimaji alikuwa mkuu. Bingwa alikuwa mkuu, na yeye pia alikuwa mkuu. Daftari lingeandika mkuu, mkuu, mkuu, kurasa kwa kurasa, na yeyote angeweza kumsingizia yeyote.

"Hamwezi kuthibitisha kwamba ni mimi," aliwaambia. "Na mimi siwezi kuthibitisha kwamba si mimi. Hiyo ndiyo kasoro niliyowaandikia."

Daktari alipima kati ya hasara mbili. Mwisho alimpa wiki moja. Afunge atakavyo kufunga. Siri ikitoka tena baada ya hapo, Daktari atajua ni nani. Isipotoka, pia wataongea.

Wiki hiyo Kufuli aliifanya kazi kwa hasira, na hasira ilimfaa. Aliunda akaunti mpya kwa kila kazi. Programu ya mapokezi ikapewa yake, isiyoweza kuona chochote ila majibu yaliyokwisha kuidhinishwa. Ya wapimaji ikapewa yake, yenye kuandika vipimo na isiyoweza kufuta. Neno la siri akaling'oa kutoka ndani ya programu. Akalitunga jipya, refu, lisilo jina la mtoto wa mtu, akaliweka ndani ya seva, yaani kompyuta mama ya maabara, kwenye faili moja ambayo programu tu ndiyo yenye ruhusa ya kuisoma. Akalibana ghala lipokee wageni kutoka seva hiyo peke yake, si kutoka dunia nzima. Njia kati yake na vituo akaifumba, na kila upande ukadai cheti cha mwenzake kwanza, ili asije tapeli akajifanya ndiye ghala akapokea siri za watu. Daftari la maingizo akaliwasha upya, na nakala yake ikawa inapelekwa mahali ambapo hakuna mwenye ruhusa ya kufuta, hata yeye.

Bingwa hakumzuia. Alifanya lililo baya zaidi: hakumsaidia. Kufuli alipomwandikia kuuliza sehemu fulani ya programu inafanya nini, alijibiwa kwa picha ya kidole gumba. Alipouliza tena, akaletewa vidole gumba viwili. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Dada alikuwa ameshafika kwa mama na maneno yake, na mama akapiga simu kuuliza kwa nini mtu akaribishwe kwenye nyumba ya dada yake halafu amwaibishe mumewe. Kufuli alimwambia mama kwamba hajaiba kitu. Mama akasema hakuna aliyesema ameiba, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa hivyohivyo.

Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla wateja hawajaingia, alihamishia vituo vyote kwenye akaunti mpya, akaifungia ile ya mkuu. Mapokezi walikuwa wamesimama nyuma yake wakisubiri aaibike. Programu ikafunguka kama kawaida. Mpokezi mmoja alionekana kuumia kabisa kwamba hakuna kilichoharibika.

Kufuli alirudi kando ya jokofu lake, akafungua daftari la maingizo, akawa analitazama huku akinywa maji. Mistari ilipita kwa utulivu: mapokezi ameingia, wapimaji wameingia, kituo cha pili kimeingia. Saa mbili na dakika kumi ukatokea mstari mwekundu. Mkuu amekataliwa. Mwingine ukafuata. Mkuu amekataliwa, mkuu amekataliwa. Kulikuwa na mtu ndani ya jengo hilohilo aliyekuwa akilisukuma lango la zamani kwa neno la zamani, tena na tena, kama mlevi anayegombana na mlango wa jirani. Alihesabu mara arobaini na moja. Kando ya kila mstari palikuwa na anwani ya kompyuta iliyojaribu, na Kufuli alikuwa na orodha ya kompyuta zote.

Aliisoma orodha mara mbili. Kisha akapanda ngazi.

Njiani alijiambia kwamba ni Bingwa, ametumia kompyuta ya watu. Lakini Bingwa alikuwa bado hajafika kazini. Mezani alikuwepo dada yake, miwani puani, akibonyeza.

"Hiki kitu kimegoma," dada alisema bila kugeuka. "Umeharibu nini tena?"

Kwenye skrini kulikuwa na kidirisha kidogo ambacho Kufuli hakuwahi kukiona, hakikuwa sehemu ya programu ya maabara. Kilikuwa na sehemu moja ya kuandika jina, na pembeni orodha ya majina kumi yaliyotafutwa mwisho. La nne lilikuwa la Mwalimu. Siku: Jumatano, saa tano asubuhi. Damu ilikuwa imetolewa Jumanne. Kipimo cha pili kilikuwa bado.

Kufuli alitoa simu, akapiga picha. Mlio wa kamera ndio uliomgeuza dada.

"Dada, ulimtafuta Mwalimu."

Dada alivua miwani. Hakukana. Alianza kueleza kwamba kidirisha alitengenezewa na Bingwa miaka miwili iliyopita, ili asisumbue mapokezi kila anapotaka kujua jambo, na kwamba msimamizi ana haki ya kujua kinachoendelea. Kufuli alisubiri. Maelezo yakapungua nguvu, yakaisha.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," dada alisema. "Wifi yake. Tuko kikundi kimoja, na wanakula meza moja. Nilisema ajihadhari. Nilikuwa na nia njema."

"Na kwenye kikao? Ulikaa ukawasikiliza wakinivua nguo."

"Ningesema nini? Hii maabara ni ya mume wangu. Wewe ungepata kazi kwingine."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya kitu inayojulikana sokoni. Kufuli alishika ukingo wa meza. Walilala kitanda kimoja mpaka mmoja alipoolewa. Huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Alitafuta tusi ndani yake, akakuta yote ni madogo.

"Futa hicho kitu kwenye daftari lako," dada alisema. "Futa na hiyo picha. Yaishe humu humu, mdogo wangu."

"Daftari silifuti. Nilijinyima ruhusa hiyo mwenyewe."

"Na picha?"

Kufuli aliirudisha simu mfukoni, akashuka.

Daktari aliitazama picha. Hakuuliza kama ni kweli, na kutokuuliza kwake kulimweleza Kufuli mengi. Bingwa alipofika na kuitwa, alisema alimfanyia msimamizi alichoomba, na kwamba mke wa mwenye mali akiomba, wa kukataa nani? Uso wake ulikuwa mkavu kama gunia. Daktari akamtoa nje, akafunga mlango, akatoa wazo lake. Mwalimu aandikiwe barua kwamba kulitokea hitilafu ya mtandao, imesharekebishwa, na barua hiyo itiwe sahihi na mtaalamu. Mtaalamu alikuwa Kufuli.

"Hakuna hitilafu ya mtandao, shemeji. Mtandao ulifanya ulichoambiwa."

"Nakuomba kama ndugu."

"Kama ndugu mlinikalisha kikaoni."

Daktari alimwambia atoke. Siku tatu hakuna aliyemsemesha. Dada hakuonekana kazini; ilisemekana anaumwa kichwa.

Alhamisi Mwalimu alirudi. Hakuja na wakili, alikuja na barua ya mwalimu mkuu inayomhamishia shule nyingine, kwa ajili ya utulivu wa wazazi. Mpokezi alimwambia Daktari yuko kwenye kikao, asubiri. Kufuli alimwona kupitia mlango wa chumba cha vitendanishi, amekaa ameiweka barua magotini, akatoka, akasimama mbele yake kwenye korido. Alimweleza yote. Nani alisoma, siku gani, kwa njia gani, na alimwambia nani. Hakusema "mfanyakazi mmoja". Alisema: dada yangu.

Mwalimu alimsikiliza bila kupepesa.

"Wewe ndiye fundi wa hiyo kompyuta?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulijua mlango uko wazi?"

"Nilijua. Niliwaandikia."

"Uliwaandikia lini?"

"Kama mwezi kabla yako."

"Na mwezi huo wote ukaendelea kuingiza majina yetu humo."

 Kufuli angeweza kusema alichekwa. Angeweza kusema habari za jokofu na vikaratasi na vidole gumba. Mwalimu alisubiri kidogo, kama anavyomsubiri mtoto aliyekwama kwenye neno, halafu akakunja barua yake, akapita kuelekea mlango wa Daktari, akaufungua bila kubisha.

Yaliyosemwa mle ndani hakuyasikia. Aliona matokeo yake. Wiki iliyofuata Daktari alitia sahihi yake mwenyewe kwenye barua iliyokiri kwamba majibu ya Mwalimu yalisomwa na kutolewa na mtu wa ofisi asiyehusika, na kwamba Mwalimu hana ugonjwa. Barua ilipelekwa shuleni, na Mwalimu akaisoma yeye mwenyewe mbele ya wazazi. Wawili kati ya wale watano walimwomba radhi. Shule alihama hata hivyo. Alisema hawezi kufundisha watoto ambao mama zao walimkagua vidole kutafuta ugonjwa. Bingwa aliacha kazi kabla ya mwisho wa mwezi, akaandaliwa keki na hotuba. Kufuli hakualikwa, ila alisikia vicheko kupitia ukuta. Mama alipiga simu mara moja kusema kwamba ukweli ni mzuri lakini una mahali pake, na hakueleza mahali hapo ni wapi.

Yeye hawakumfukuza. Hakuna mwingine aliyejua ghala linafunguliwaje, na Daktari alikuwa amejifunza kuogopa. Alimwita kwa cheo, alimjibu kwa maandishi. Mapokezi wakawa wanaingia kila mmoja kwa jina lake na kulalamika kila siku kwamba inachosha.

Dada alikuja Jumamosi kuchukua vitu vyake: picha ya watoto, sweta, kikombe. Walikutana katikati ya ngazi, Kufuli akipanda na kebo begani. Ngazi ilikuwa nyembamba. Wakasimama.

Kufuli alisema, "Shikamoo, dada."

Dada aliliinua sanduku lake la karatasi likae vizuri kiunoni.

"Mama amesema nikusalimie," alisema. "Nimekusalimia."

Akageuza bega apate kupita, akashuka. Kufuli alisikia mlango wa chini ukifunguliwa na gari likiwashwa. Akasimama pale mpaka mlio ukaisha, kisha akapanda. Meza ya juu ilikuwa tupu, na kompyuta yake ilikuwa bado inamsubiri aje kung'oa kile kidirisha.